Mama Miguu na Maji ya Kaka Yake

Wodini walimwita Mama Miguu, na jina hilo hakulipata kwa uzuri wa miguu yake. Alikuwa muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya chini, na kila alipoingia zamu kazi yake ya kwanza ilikuwa kuinua miguu ya watu. Wenzake walikuwa na utani wao: ukimwona Mama Miguu anakuja, ficha yako.

Sababu ni hii. Mtu akizidiwa na ugonjwa, presha ikashuka mpaka chini kabisa, jambo la kwanza linalomjia kila mmoja kichwani ni dripu. Atundikiwe maji. Mara nyingi ni sawa, hasa mwanzoni. Lakini yuko mgonjwa ambaye moyo wake umeshashiba, au umechoka, na huyo ukimwongezea maji hayamfai kitu; yanatafuta pa kwenda, na pa kwenda penyewe ni mapafuni. Kwa macho huwezi kuwatofautisha hawa wawili. Wote wamelala, wote ngozi baridi, wote presha iko chini. Zamani ilikuwa ni kubahatisha, na Mama Miguu aliikuta hiyo zamani. Aliwaona watu wakivimba nyuso mpaka ndugu zao wakapita kando ya kitanda bila kuwatambua.

Siku hizi walikuwa na njia isiyotaka sindano wala kisu. Mgonjwa anabandikwa vibandiko kifuani, vimeunganishwa na mashine ndogo inayosoma moyo unasukuma damu kiasi gani. Kwanza anaegemezwa, kama mtu anayesoma gazeti. Kisha kitanda kinazungushwa: kifua kinashuka, miguu inapanda. Damu iliyokuwa imetulia mapajani na kwenye vigimbi inarudi kifuani, ikawa kama umempa mgonjwa glasi mbili tatu za maji bila kumtia hata tone. Unatazama namba. Ikipanda vya kutosha, moyo umeitika, mpe maji. Isipopanda, unamshusha miguu, damu inarudi ilikokuwa, na hujaharibu kitu. Wenyewe walisema hivyo hivyo, "ameitika" au "hajaitika," kama mwalimu anayeita majina asubuhi.

Mama Miguu alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Hakumshtua mgonjwa, maana mgonjwa akishtuka moyo unakimbia wenyewe na namba inakudanganya. Alimwambia kila mmoja anachotaka kufanya, hata wale waliolazwa kwa dawa ya usingizi, wasiosikia lolote. Nakuinua miguu sasa, baba. Ni mimi tu. Na ndugu wakija na malalamiko kwamba mgonjwa wao ameondolewa dripu, yeye ndiye aliyetumwa kuwaeleza, kwa sababu alikuwa na subira, na kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu neno ambalo yeye mwenyewe halijui.

Alikuwa na kaka mmoja, mkubwa kwake, fundi rangi. Baba yao alipofariki, kaka ndiye aliyeacha shule akashika brashi ili yeye asome. Jambo hilo halikuzungumzwa kamwe, na kaka mwenyewe asingekubali lizungumzwe. Alikuwa mtu wa mzaha. Alimwita dada yake Bosi, na alipompitia hospitali alisimama getini na ovaroli lake lenye madoa ya kila rangi, akamweleza mlinzi kwamba ametumwa kumpaka Bosi koti la pili la rangi maana la kwanza limefifia. Aliishi na mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, pamoja na mama yao mzazi, katika nyumba pekee mtaani isiyopakwa rangi. Ukimuuliza, alikujibu kwamba mganga hajigangi.

Tumbo lilimwanza akiwa juu ya ngazi, anapaka dari ya ukumbi wa mikutano. Akadhani ni vidonda vyake vya tumbo, wale wageni wake wa siku zote. Akameza dawa ya kutuliza maumivu, akapanda tena. Mkewe alimbembeleza aende hospitali. Alisema hawezi, Bosi atamfokea mbele za watu. Dada alipompigia simu katika siku hizo hizo, alimwambia yuko imara kama nguzo, kisha akamuuliza lini atakuja kula, na mazungumzo yakahamia huko. Halafu maumivu yakakatika ghafla. Alifurahi, akamwambia mkewe, unaona? Hakujua kwamba kidole tumbo kikishapasuka, maumivu hupumzika kidogo kabla hayajarudi. Yaliporudi alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi, anaongea na vibarua ambao hawakuwemo chumbani, anawaambia wasimwage rangi.

Mkewe alimkimbiza hospitali kwa dada yake. Walimpasua, wakamwosha usaha tumboni, wakampandisha kwenye wodi ya dada yake, kwa kuwa hospitali haikuwa na nyingine ya namna hiyo. Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Alikuwa na mpira mdomoni, mashine ikimpumulia, dawa ya kushikilia presha ikiingia shingoni.

Msimamizi wa wodi, mama mmoja mtulivu ambaye ndiye aliyemfundisha Mama Miguu kazi, alimvuta pembeni na kumwambia kwamba hatamhudumia kaka yake. Ni utaratibu, alisema, na hata kama usingekuwepo, mimi nisingekuruhusu. Akampa likizo, akamwambia aje kama ndugu wengine, saa za kuona wagonjwa. Mama Miguu alivua sare akaiweka kwenye kabati, akatoka na gauni lake la nyumbani, akaenda kukaa kwenye benchi la ndugu.

Benchi hilo alikuwa amelipita miaka mingi. Hakuwahi kujua kwamba ukilikalia unatazamana na mlango ambao kioo chake kimepakwa chokaa, kwa hiyo unaona vivuli tu vikipita, na kila kivuli kinachokimbia unadhani kinamkimbilia mtu wako. Mama yake alikuwa upande mmoja, wifi yake upande wa pili. Wote wawili walimgeukia kila kengele ilipolia ndani. Alijua ipi ni ya dripu iliyoisha na ipi ni ya oksijeni. Hilo halikumpunguzia kitu. Lilimnyima hata ile nafuu ya kutojua.

Asubuhi ya kwanza aliruhusiwa kusimama miguuni pa kitanda wakati muuguzi mwenzake anampima. Daktari wa zamu, kijana mwembamba mwenye miwani ambaye muda wote aliongea kama anayeomba radhi, alishika mashine. Kitanda kikazunguka. Miguu ya kaka ikapanda, nyayo zikamtazama dada yake, na kwenye kisigino kulikuwa bado na tone la rangi nyeupe ambalo wauguzi hawakuweza kulitoa. Namba ikasimama kidogo, kisha ikapanda, ikaendelea kupanda.

"Ameitika," alisema daktari.

Wakamfungulia maji. Kabla ya mchana, mkojo uliokuwa umekauka ukaanza kuingia kwenye mfuko wake, na dawa ya presha ikapunguzwa kidogo. Mama Miguu alitoka nje karibu anakimbia. Alimwambia mama yake kwamba moyo umeitika, wamempa maji na maji yamemfaa. Mama alishika mikono yake yote miwili akaibusu. Wifi alilia kwa mara ya kwanza tangu walipofika. Kwa mtu aliyezoea kupima maneno, ilikuwa furaha ambayo aliitoa bila kuipima, na mama aliipokea nzima nzima: mwanangu alipewa maji, akafufuka.

Haikudumu. Maambukizi yalipata nguvu tena, presha ikashuka, dawa ikapandishwa, ikaongezwa ya pili. Wakamwinua miguu tena. Namba haikusogea. Wakapumzika, wakarudia, haikusogea. Daktari wa miwani aliamuru maji yasimamishwe, ibaki dripu moja tu inayodondoka taratibu kwa ajili ya kupitishia dawa. Akaja mwenyewe kwenye benchi kuwaeleza. Mama Miguu alisikiliza maneno ambayo yeye alikuwa akiwaambia watu wengine, na alishangaa jinsi yalivyo mafupi.

Mama aliingia kumwona mwanawe, akatoka na uso umebadilika. Midomo ya kaka ilikuwa imekauka na kupasuka kando ya ule mpira. Mama alikuwa amewalea wagonjwa wengi maishani mwake, mume, wakwe, wajukuu wa jirani, na midomo mikavu alijua maana yake.

"Mgonjwa haulizwi uji," alimwambia binti yake. "Anapewa."

"Humu ndani sisi tunamuuliza, mama."

"Na amejibu nini?"

"Amesema hataki."

"Huyo hawezi kusema. Mmemfunga mdomo." Kisha akasema kwa upole zaidi, na upole huo ndio ulioumiza. "Wewe ni mtu wa humu, mwanangu. Wanakujua. Ukiwaambia, watampa."

Mama Miguu alimweleza tena, kutoka mwanzo, kuhusu moyo na mapafu. Alitumia mifano yote aliyokuwa nayo. Mama alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mgeni. Mwisho alichosema ni kwamba jana maji yalikuwa dawa, leo yamekuwa sumu, na yeye ni mzee, hawezi kufuata. Wifi alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha mkono, mshono juu, mshono chini.

Daktari aliwaruhusu wamloweshe midomo kwa pamba yenye maji. Mama aliifanya kazi hiyo kwa makini kuliko mtu yeyote, lakini pamba si glasi, na yeye alijua tofauti.

Basi siku iliyofuata, mchana, likatokea jambo ambalo Mama Miguu asingelitarajia kwake mwenyewe. Alimfuata daktari wa miwani kwenye korido, akamwomba ampe kaka yake mfuko mmoja wa maji.

Daktari alimtazama. Alikuwa mdogo sana kwake kiumri, na Mama Miguu ndiye aliyemwonyesha alipofika pale jinsi ya kubandika vile vibandiko visitoke jasho likitiririka.

"Dada, tumempima leo asubuhi," alisema. "Ulikuwepo."

Alikuwepo. Aliona namba imelala kama jiwe. Aliomba ipimwe upya, ikapimwa upya, na akashika chuma cha kitanda akiitazama mpaka macho yakamwuma, akiiambia kimoyomoyo ipande, yeye ambaye kwa miaka yote aliwakataza wanafunzi wasiitazame namba kwa matumaini. Sasa alikuwa anasema kwamba pengine vibandiko havikukaa vizuri, pengine tumbo lililopasuliwa linabana damu isipande kutoka miguuni, jambo ambalo kweli hutokea. Daktari alikubali kwamba hutokea. Alisema ndiyo maana alimwangalia moyo kwa mashine ya picha pia, na picha ilisema vile vile. Alisema hewa ya mapafuni imeanza kupungua. Alieleza yote hayo polepole, akiwa ameegemea ukuta, na Mama Miguu aliendelea kumrudisha nyuma, swali baada ya swali, si kwa sababu alitarajia jibu jipya bali kwa sababu wakati wanazungumza jambo lilikuwa bado halijaamuliwa.

"Nikimpa, nampa kwa ajili yako," daktari alisema mwishoni. "Sio kwa ajili yake."

Mama Miguu alishukuru, akarudi wodini.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, mgongo wima, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi. Muuguzi wa zamu alikuwa upande wa pili wa pazia, amekimbilia mgonjwa mwingine aliyeanza kutapika. Mama Miguu aliutazama uso wa kaka, kisha, kwa mazoea tu, akainua macho kwenye chuma cha dripu. Ule mfuko uliotakiwa kudondoka taratibu mpaka jioni ulikuwa umenyauka, umegandamana. Kigurudumu cha kwenye mpira kilikuwa kimesukumwa juu kabisa.

"Nimemfungulia," mama alisema. "Nilikuwa nakuona wewe nyumbani, ulipokuwa ukinitundikia dripu za malaria. Ukikisukuma juu, yanakwenda. Wala hakukataa, mwanangu. Yote yameingia."

Mama Miguu alikifunga kigurudumu, ingawa hakukuwa na kitu cha kufunga. Akamwita mwenzake kwa sauti ya kawaida, kwa sababu mama alikuwa anamtazama. Haikuchukua muda, kengele ililia, ile ya oksijeni. Kwenye mpira wa kupumulia kukaanza kupanda povu lenye rangi ya waridi. Daktari akaja, wakaja na wengine, wakamwambia atoke na mama yake, na yeye akamshika mama mkono wakatoka. Mama aliuliza kuna nini. Alimwambia wanamsafisha.

Ndani walimpa dawa ya kukojoza, lakini figo zilikuwa zimeshakata tamaa. Waliongeza nguvu ya mashine. Baadaye daktari alitoka, akamwita Mama Miguu peke yake mpaka mwisho wa korido, karibu na dirisha, na kumuuliza ni nani aliyefungua dripu.

"Ni sisi," alisema. "Familia."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Hakuuliza tena. Mama Miguu ndiye aliyeuliza: kama yale maji yasingeingia, je, angepona?

"Alikuwa mgonjwa sana, dada. Hata bila hayo, nilikuwa sina matumaini makubwa."

"Sijakuuliza hivyo."

"Najua. Vipimo vyote nilivyonavyo, hakuna kinachopima hilo."

Kaka alifariki asubuhi, jua likiwa limeshaingia wodini. Walikuwepo wote watatu. Msimamizi wa wodi alizima kengele kabla haijaanza kulia, ili waisikie mashine ikinyamaza taratibu badala ya kupiga kelele. Mama alimloweshea midomo mara ya mwisho, akamfunga taya kwa kitambaa kile cha wifi. Mama Miguu alisimama pale alipozoea kusimama kikazi, miguuni, na kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya jambo jingine, ilizishika nyayo za kaka yake na kuzikalisha sawa.

Wifi alikuwa ameliona lile povu, kupitia upenyo wa mlango, na aliuona uso wa Mama Miguu alipotoka. Mshonaji ni mtu wa kuunganisha vipande. Siku moja baada ya mazishi, wawili hao wakiwa nyuma ya nyumba wanaosha vyombo vya wageni, alisema bila kuinua kichwa:

"Wifi, lile la dripu, yale maji yalivyomfanya. Mama asilijue."

Mama Miguu akajibu kwamba hatalijua. Hawakulizungumza tena, na kwa kweli halikuwatenganisha. Liliwaweka karibu, kama watu wawili waliobeba mtungi mmoja na hakuna anayethubutu kuutua kwanza.

Alirudi kazini. Msimamizi alimpa wiki nyepesi, kupanga vifaa na kufundisha wanafunzi, kisha akamrudisha vitandani. Anainua miguu kama zamani. Anatazama namba, anasema ameitika au hajaitika, na namba ni ya kweli kama ilivyokuwa. Kitu kimoja ndicho kilichobadilika, na wenzake wamekiona: hatoki tena nje kuwaeleza ndugu. Akitumwa, anamwomba mwingine. Wanadhani ni majonzi, wanamwachia.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Wageni wa kutoa pole waliendelea kuja kwa miezi, wengine kutoka mbali, mafundi aliofanya nao kazi, watu aliowapakia nyumba. Mama huwapokea sebuleni, huwasimulia mwanawe alivyougua, na kila akifika mahali fulani sauti yake hupata nguvu. Husema kwamba madaktari walimnyima mtoto maji. Husema kwamba yeye, mzee asiyesoma, alimfungulia kwa mkono wake huu, na mtoto akayapokea yote, hakuondoka na kiu.

Jioni moja, wageni walipokwisha kuondoka, alimgeukia binti yake na kumuuliza kwa sauti ndogo, kama anayetaka tu kuhakikisha.

"Yale maji yalimsaidia kidogo, ee?"

Mama Miguu alikuwa hajawahi kumwambia mtu neno asilolijua.

"Yalimfikia, mama," alisema.

Mama alishukuru, akaomba shuka lake, akaenda kulala. Sasa anapowasimulia wageni huongeza kwamba hata binti yake amethibitisha, na binti yake ni mtu wa kazi hiyo hiyo. Wageni humgeukia. Mama Miguu huwa amekaa hapo hapo, mikono mapajani, na huinamisha kichwa kukubali.